Alama ya Msumari Chini ya Lita

Wapishi wapya, mpishi mkuu wenu amenipigia simu kuniomba kurasa mbili. Anataka niwaandikie jinsi ya kugeuza kilo za maziwa kuwa lita na lita kuwa kilo, maana anasema kila mwaka mnaingia jikoni na simu zenye kila kitu, lakini krimu zenu hazigandi. Kurasa mbili tu, anasema, ukae uandike, mzee. Ukae! Nimeshainuka mara nne tangu niandike "wapishi wapya". Nimekwenda kuangalia kama geti limefungwa, na limefungwa. Nimekwenda kufunua chungu cha maharage ambacho si changu. Mke wangu, Immaculée, amesema, "Deo, kaa chini, unanizungusha kichwa." Tangu nistaafu ndivyo nilivyo. Yeye anadhani ni mikono iliyozoea kazi. Si mikono. Ni mama mmoja anaitwa Zawadi, ambaye nilimwita mwizi wa maziwa mbele ya watu, na hakuwa mwizi. Hesabu hii mnayoiomba ndiyo iliyomfukuza kazi. Nitafika huko. Kwanza niwape mnachokitaka.

Chukueni lita moja ya maji, wekeni kwenye mizani: kilo moja, hakuna ubishi. Sasa chukueni lita moja ya maziwa ya ng'ombe yaliyopoa. Kilo moja na gramu thelathini hivi. Maziwa yamebeba sukari yake na protini zake na chumvi zake, na hivyo ndivyo vinavyoyatia uzito. Kwa hiyo kitabu kikisema gramu mia moja za maziwa na huna mizani, mimina mililita tisini na saba. Kikisema gramu mia tano, mimina mia nne themanini na tano. Krimu nzito inakwenda kinyume, kwa sababu mafuta ni mepesi, ndiyo maana yanaelea: lita yake haifiki kilo, inapungua kidogo tu. Siagi iliyoyeyushwa inapungua zaidi, lita ni gramu mia tisa na kumi au karibu na hapo.

Maziwa yaliyomiminwa kutoka juu yana povu, msiyapime. Gongeni jagi mezani mara mbili, subirini, kisha inameni mpaka jicho liwe sawa na mstari. Anayesoma jagi akiwa amesimama anajisomea matumaini yake. Na maziwa ya moto hutanuka, yaacheni yapoe kwanza. Ikivuguto, maziwa yetu ya mgando, ndiyo kigeugeu kuliko yote: ukiyatikisa yanajaa hewa, na jagi lako linakuwa limejaa upepo. Hayo ni ya mizani tu. Msibishane nami.

Nimesimama tena. Kalamu ilikuwa inaandika vizuri tu, mimi ndiye nimesimama.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Wilondja, mpishi wa keki aliyetoka Bukavu, mfupi, mwenye kofia iliyopigwa pasi vizuri kuliko shati lake. Mimi nilikulia Ngara, upande wa Tanzania, na nilipofika hapa Gisenyi Kiswahili changu kilichekwa jikoni kote, wakasema ninaongea kama redio. Wilondja peke yake hakucheka. Alisema, "Wacha aongee kama radio, ila apike kama mutu." Nilimpenda hapo hapo.

Wiki yangu ya pili alinipa nipike flani, ile krimu ya mayai na maziwa inayookwa mpaka igande. Kitabu chake kilikuwa cha Kifaransa, kila kitu kwa gramu, na kilitaka gramu mia nane za maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari. Mizani ilikuwa upande wa pili wa jiko na mimi nilikuwa na haraka, kama kawaida yangu. Nikachukua jagi, nikajaza mpaka mililita mia nane, nikajisifu. Sasa maziwa yale, wanangu, lita yake moja inavuka kilo moja na robo, inafika karibu kilo moja na gramu mia tatu. Nilizidisha karibu robo kilo ya utamu. Jioni mgeni mmoja alikula kijiko kimoja akaomba maji, akala cha pili akaomba maji, kisha akamuuliza mhudumu kama hoteli yetu inafanya biashara ya maji.

Wilondja hakunifokea. Aliniwekea flani nzima mbele yangu na kijiko kikubwa. "Kula," alisema. "Hii ni calcul yako, hesabu yako." Nilikula robo nikashindwa. Mpaka leo nikiona kopo lile dukani napita upande mwingine.

Kesho yake alichukua jagi la aluminiamu la lita moja, akaliweka kwenye mizani, akarudisha mshale kwenye sifuri, akamimina maziwa ya ng'ombe mpaka kilo moja kamili. Maziwa yakakomea chini ya mstari wa lita, kama unene wa penseli. Akachukua msumari akakwaruza hapo. "Deo, kilo na litre si mapacha," alisema. "Ni ndugu tu, kila moja na kichwa yake. Kitabu ikisema kilo ya maziwa, ujaze mpaka hapa. Usifikirie. Ujaze tu."

Nami nikajaza tu. Miaka na miaka, kila asubuhi, krimu ya mayai ya wageni ilianzia kwenye alama ile ya msumari. Wilondja alistaafu akarudi Bukavu, nikavaa kofia yake, na jagi likabaki kwenye rafu juu ya sinki. Mkono wangu uliijua ile alama gizani. Kichwa changu kilikuwa kimeisahau kabisa, kwa sababu niliambiwa nisifikirie, na mimi nikatii kupita kiasi.

Zawadi alikuwa mtu wa maziwa. Aliishi mtaa wa Mbugangari na watoto wake watatu, ndugu zake wakiwa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, mwanamke mrefu wa mtandio, mchache wa maneno. Maziwa yalipofika getini asubuhi aliyapokea, akayabeba mpaka chumba cha baridi, akatupimia jikoni lita kwa lita, kisha akaosha bidoni, yale madebe ya chuma ya maziwa. Miaka saba sikuwahi kuona bidoni yake ikiwa na harufu. Mnaoosha vyombo vya maziwa mnajua hiyo ni kazi gani.

Halafu akaja meneja mpya aliyependa karatasi. Alitaka kinachoingia kiandikwe getini na kinachotoka kiandikwe jikoni, na mimi niwe mwenye kulinganisha. Getini mlinzi hakuwa na jagi. Alikuwa na mizani ya kupimia magunia ya viazi, basi akaandika kilo: bidoni tatu, ukiondoa uzito wa chuma, kilo sitini. Zawadi yeye hakuwa na mizani, alikuwa na jagi lile lile la Wilondja, na alipima mpaka mstari wa lita. Akaandika lita hamsini na nane na robo. Siku ya pili, kilo sitini, lita hamsini na nane na kitu. Siku ya tatu vilevile. Nikaketi na karatasi zangu mbili, nikasema moyoni kilo ni lita, kama wanavyosema wote kwenye vibanda vya maziwa mjini. Basi kila siku inapotea karibu lita mbili. Kiasi kile kile ambacho mama mwenye watoto watatu angebeba nyumbani.

Mnaweza kuifanya hesabu wenyewe sasa, nimewapa namba hapo juu. Gawanyeni sitini kwa moja nukta sifuri tatu. Mimi nilikuwa nayo namba hiyo imekwaruzwa kwa msumari futi tatu kutoka kichwani pangu.

Tena kulikuwa na karatasi ya krimu. Krimu iliingia kilo kumi, ikatoka lita kumi na glasi juu yake. Kila wiki. Nadhani mnaona ubaya wangu ulipo. Maziwa yalipopungua nikasema Zawadi anaiba. Krimu ilipozidi sikusema Zawadi anatuletea krimu ya bure. Sikusema lolote, niliona ni bahati ya hoteli.

Na kulikuwa na chupa. Kila jioni Zawadi aliondoka na chupa ya plastiki ndani ya kikapu chake, imefungwa kwa kitambaa, na ndani yake mna kitu cheupe. Niliiona mara tatu. Ningeweza kumwita pembeni nikamuuliza. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya mtu mzima. Lakini nilikuwa nimepewa cheo na karatasi, na ulimi hauna mfupa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wageni wameshatoka. Niliwaita wafanyakazi wote wa jikoni wazunguke meza ya chuma, watu kumi na wawili, na Zawadi wa kumi na tatu. Nikasoma namba. Nikaomba kikapu. Nikaitoa ile chupa nikaiweka katikati ya meza.

"Nini hii?"

"Chef, hii ni maji," Zawadi akasema.

"Maji meupe?"

"Ni maji ya kusuuza bidoni. Kwetu maziwa hatumwangake chini. Nayo nakorogeyaka batoto uji."

Nikacheka. Nataka mjue kwamba nilicheka. Nikasema laiti maji meupe yangetoka bombani tungekuwa matajiri wote hapa, na watu wakacheka nami, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu ya mishahara ya ziada. Nikaongeza na methali, kikulacho ki nguoni mwako, huku nikikiangalia kitenge chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua ile chupa akaonja. Wapishi kumi na watatu ukinihesabu mimi, watu wanaoonja kila kitu mchana kutwa, na hakuna aliyeonja.

Zawadi hakulia. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, akachukua chupa yake na kikapu chake. Mlangoni akageuka akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni maji." Kisha akaenda.

Samahani, nilitoka uani kidogo. Jirani amenisalimu nikamjibu kitu ambacho sikijui.

Aliyeletwa badala yake alikuwa mwanamume ambaye tumbo lake haliwezi maziwa hata tone, akinywa chai ya maziwa anashinda chooni. Wiki ya kwanza ikapita. Kilo sitini, lita hamsini na nane na robo. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikaanza kukosa raha. Nilimkagua yule bwana mpaka kwenye soksi, maskini. Mwisho nikaamka mapema, nikaenda getini mimi mwenyewe, nikaipima bidoni moja, kilo ishirini za maziwa. Nikaibeba mimi. Nikaimimina mimi kwenye ndoo, jagi kwa jagi mpaka mstari wa lita, mlango umefungwa, hakuna paka wala mtu. Lita kumi na tisa na kitu kidogo kisichofika nusu.

Nikasema ndoo ina tundu. Nikatazama sakafu. Nikarudisha maziwa yote kwenye bidoni nikaanza upya, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda kuwasha oveni, mkono ukafanya kama unavyofanya kila asubuhi: ukajaza mpaka kwenye alama ya msumari. Moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na tisa bado kulikuwa na maziwa. Ya ishirini ikajaa mpaka kwenye alama, na bidoni ikawa tupu. Nilikaa juu ya bidoni ile iliyopinduliwa nikashika jagi mapajani. Mizani ya viazi ilikuwa imesema kweli. Jagi lilikuwa limesema kweli. Zawadi alikuwa amesema kweli. Mwongo alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa na kofia ya Wilondja kichwani.

Kisha nikafanya lile tendo la mwisho. Nikasuuza bidoni kwa maji ya moto, nikamimina kwenye glasi. Meupe kama maziwa. Nikaonja. Maji.

Nilimwendea meneja siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unataka tuonekane wajinga mbele ya wafanyakazi?" Akasema yameshapita. Nami nikanyamaza. Niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa wale kumi na wawili wangenicheka kama walivyomcheka yeye. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Niliondoa mizani ya viazi getini, nikaweka mizani mbili mpya, getini na jikoni, nikaagiza kila kitu kipimwe kwa kilo kuanzia hapo, mpaka leo mnafanya hivyo, na watu walinisifu kwa utaratibu mpya.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Mbugangari kumtafuta. Mama mmoja aliyeuza mkaa mbele ya nyumba yake alisema Zawadi amehamia Goma kwa dada yake. "Yule wa maziwa?" aliniuliza, akakunja midomo. Kumbe jina lilikuwa limetangulia kufika mtaani, na mimi ndiye niliyelituma. Nilirudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Ikapita miaka kumi na mmoja.

Majuto ni mjukuu, husemwa, nami nimestaafu nikabaki naye nyumbani kutwa nzima. Mwezi uliopita nilimwambia Immaculée ninakwenda kutembea. Nikalifunga kwenye gazeti jagi la Wilondja, ambalo niliondoka nalo nilipostaafu, nikachukua jeton yangu, ile karatasi ya kuvukia, nikapanga foleni ya mpaka mdogo pamoja na akina mama wa nyanya na vitunguu. Ng'ambo niliuliza, nikaelekezwa, nikaelekezwa tena. Anauza maziwa na uji mtaa wa Birere, kwenye kibanda cha mabati ya bluu. Bidoni zake zilikuwa zinang'aa kutoka mbali. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza.

"Chef. Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

Akanipimia maziwa bila kuniuliza, glasi moja, kisha akaongeza matabishi, ile nyongeza ya bure, juu mpaka ikataka kumwagika, kama wanavyofanya kwa kila mteja. Sikuweza kuyanywa. Nilifungua gazeti nikaweka jagi mbele yake, nikamwonyesha alama ya msumari, nikamweleza yote, gramu thelathini, bidoni, ishirini kamili. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alipitisha kidole kwenye alama.

"Naijua hii," alisema. "Nimeisuguaka miaka saba. Nilizani ni ufa."

"Nisamehe, Mama Zawadi."

Akamhudumia mtoto aliyekuja na chupa. Akamwongezea matabishi naye. Kisha akanigeukia.

"Mi nilikuambia ni maji."

"Uliniambia."

"Bon. Usiniombe samahani huku, kwa kibanda yangu, peke yetu. Huku hakuna mutu aliniita mwizi. Uliniita mbele ya batu kumi na mbili, kule jikoni. Unitafutie kumi na mbili, kule kule jikoni, ubaambie. Nyuma yake tutaongea."

Nikamwambia wale wametawanyika, mmoja amekufa, wengine wako Kigali, Uganda, sijui wapi. Akasema, "Sikusema bale. Nilisema kumi na mbili."

Niliporudi nilimpigia mpishi mkuu wenu. Alikuwa ameniomba kurasa hizi mara mbili na nilikuwa nimekataa mara mbili. Nikamuuliza, pamoja nawe mko wangapi jikoni? Akasema kumi na mmoja. Nikasema nitaandika, lakini nitakuja kuzisoma mwenyewe, palepale kwenye meza ya chuma, na nitakuja na mtu. Mtu huyo ni Immaculée. Ndiye wa kumi na mbili. Asubuhi hii ameniuliza yeye atakwenda kufanya nini jikoni kwa watu, nikamwambia kusikiliza tu. Miaka yote hii ananiambia nikae chini, na hajui kwa nini siketi. Atajua pamoja nanyi, na sijui atanitazama vipi tukirudi nyumbani.

Basi nimeshamwambia mpishi mkuu wenu: Jumatatu, bidoni moja ya kilo ishirini iwe mezani, imepimwa mbele yenu. Kiti cha karibu na mlango msikikalie. Nimempelekea Zawadi habari, naye amesema atakuja ikiwa foleni ya mpaka si ndefu, na mimi nimemwamini, kwa kuwa sijawahi kumsikia akisema uongo. Akifika mpeni jagi. Ajaze mwenyewe mpaka kwenye alama ya msumari, nanyi mhesabu kwa sauti, mmoja asikose. Itaishia ishirini. Kisha asuuze bidoni, amimine kwenye glasi kumi na mbili, na kila mmoja wenu aonje, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake ni kitu gani.

Baada ya hapo, akiniruhusu, nitakaa chini.